Njombe na Makambako, Mwendo wa Salamu Moja

Mtu akiniuliza kutoka Makambako hadi Njombe ni mbali kiasi gani, simjibu haraka. Namwuliza kwanza: unakwenda kwa miguu, kwa lori au kwa ndege? Akisema kwa ndege, namwuliza tena: upepo unatoka wapi? Hapo vijana wengi hutazamana, wakadhani mzee ameanza kuchanganyikiwa. Chekeni tu. Mimi nilianza kazi kiwanja cha ndege cha Njombe enzi za Mwingereza, nywele zangu nyeusi tii, na nusura nikose mke kwa sababu ya swali hilohilo. Kaeni niwasimulie. Mimi nitasimama, maana hadithi hii siiwezi nikiwa nimekaa.

Msidhani kiwanja chenyewe kilikuwa cha lami. Kilikuwa majani matupu, huku mawe yaliyopakwa chokaa, kule mawe yaliyopakwa chokaa, na kibanda changu cha mabati pembeni. Vifaa vyangu vilikuwa fyekeo, ndoo ya chokaa, fimbo ya ng'ombe na kiberiti. Ndiyo, kiberiti! Rubani akiwa huko juu hawezi kujua upepo wa chini unavuma kwenda wapi, na ni lazima atue akiuelekea. Basi sisi tulimwashia moshi, naye akiuona umelalia upande gani anajua aingilie wapi.

Aliyenifundisha moshi ni Mzee Sanga, Mkinga mmoja mfupi, mkali, aliyekuwa na kazi ile kabla yangu. Siku yangu ya kwanza niliwasha moto mzuri ajabu, kuni kavu, ndimi zinapanda juu, najisifu mwenyewe. Mzee Sanga akaja, akausimamia, akanitazama.

“Unamchomea nani nyama?” akaniuliza.

“Nimewasha moto wa ndege, mzee.”

“Rubani hana baridi, wewe! Anataka moshi. Moto wako hauna moshi hata wa kumliza paka.”

Akanionyesha. Unatunza makaa, kisha unayafunika kwa majani mabichi ya miti ya miwati. Hapo moshi unatoka mweupe, mzito, mpaka unakohoa mwenyewe. Lakini usiweke majani mapema! Njombe kuna ukungu na baridi, moshi haupandi sawasawa, unatambaa. Ukiuwahisha unakifunika kiwanja chote, rubani haoni pa kushukia. Ukichelewa, anakuja hajui upepo. Kazi yote ni kujua ndege iko wapi saa hiyo, na itachukua muda gani kunifikia.

Halafu kuna ng'ombe. Majani ya kiwanja yalikuwa mafupi na matamu, na ng'ombe wa mji mzima walilijua hilo. Walikuwa wananifahamu, ukweli ni kwamba walikuwa wananidharau. Mmoja alikuwa dume jeusi lenye kifua cheupe kama shati, tukalipa jina Karani, kwa kuwa likishakaa halimwinukii mtu. Kulitoa Karani katikati ya kiwanja ilikuwa shughuli ya mtu mzima mwenye nguvu zake.

Sasa sikilizeni njia ya ndege. Ilitoka Iringa. Rubani wetu, Mwingereza mmoja mwekundu wa uso, hakupenda kubahatisha kwenye mawingu, aliifuata barabara kwa macho. Akifika njia panda ya Makambako anakata kushoto, kama dereva wa lori, kisha anakuja moja kwa moja mpaka kwangu. Makambako palikuwa na kambi ya wajenzi wa barabara, na kambi ilikuwa na simu ya kuzungusha kwa mkono. Nyapara wa kambi ndiye aliyepewa kazi ya kusikiliza: ndege ikipita juu yake, anipigie. Kutoka hapo mpaka Njombe ni kama robo saa. Robo saa hiyo ndiyo yangu ya kuwatoa ng'ombe na kuchochea makaa. Kwa lori njia hiyohiyo, mvua ikinyesha, mlilala njiani.

Nyapara huyo aliitwa Mzee Filipo Mlowe. Mtu mrefu, koti kubwa la sufu, sauti ya kuamrisha wanaume mia na majembe yao. Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, na mtu wa adabu. Na adabu kwa sisi Wabena, vijana, inaanza na salamu.

Simu ikilia, nainua, nasikia: “Kamwene!”

“Kamwene, Baba.”

“Mmeamkaje huko?”

“Tumeamka salama, Baba. Huko?”

“Salama. Mama yako?”

“Yupo.”

“Bibi yako, yale magoti?”

“Yanamsumbua kidogo, Baba.”

“Pole yake. Ng'ombe je? Yule ndama aliyeharisha?”

“Amepona.”

“Mahindi yameota?”

Tunakwenda hivyo, tunapita watoto, majirani, maharage, mchungaji, mvua. Kisha yeye anaulizwa na mimi, zote tena kutoka mwanzo, maana kuulizwa bila kuuliza ni utovu wa adabu. Mwisho kabisa, kwa sauti ya mtu asiye na haraka, anasema: “Basi, mwanangu, ndege imepita.”

Mtaniuliza, si ungekimbia tu ukisikia simu inalia? Ningejuaje? Simu ile ilililia kila jambo. Lori limekwama, daraja limekwenda na maji, boma wanataka chokaa, mara Mzee Filipo mwenyewe kanikumbuka tu. Ilikuwa lazima usikilize mpaka mwisho.

Na mimi nilikuwa na sababu yangu ya kusikiliza mpaka mwisho. Mzee Filipo alikuwa na binti, Eliza. Alikuwa akija Njombe kwa shangazi yake, na kanisani alikaa upande wa wasichana mahali ambapo mimi, nikigeuza shingo kidogo tu, namwona. Niligeuza shingo miezi mingi. Naye akaona. Tukaongea, tukaelewana, akaniambia kitu kimoja: “Baba hatanitoa kwa mtu asiye na adabu. Ukimkosea baba, mimi sina la kufanya.” Kwa hiyo kila simu kutoka Makambako ilikuwa mtihani wangu. Nilivua kofia! Niliinama! Mtu yuko Makambako, mimi niko Njombe, tunaunganishwa na waya, nami nimeinama ndani ya kibanda kofia mkononi.

Kiangazi mambo yalikwenda vizuri. Upepo wetu wa kiangazi unatoka kusini, unaipiga ndege usoni, inakuja polepole inajikokota. Tulikuwa tunamaliza salamu, naaga, nawatoa ng'ombe, naweka majani, ndipo nasikia mngurumo. Nikajiona nimeipatia dunia. Nikawa natamba mjini: Makambako na Njombe ni mwendo wa salamu moja na kufukuza ng'ombe!

Kisha mvua zikaanza, upepo ukageuka, ukawa unatoka kaskazini. Barabara ileile, ndege ileile, rubani yuleyule, lakini sasa upepo unaisukuma mgongoni. Loo! Tulikuwa ndiyo kwanza tumefika kwa ndama, nasikia ngrrr juu ya bati. Natoka nje, rubani anazunguka juu akinionyesha ngumi dirishani, na Karani amelala katikati anacheua. Hapo ndipo nilipojua kwamba umbali haubadiliki, muda ndio unaobadilika. Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia.

Bwana wa boma akaniita. Akatoa amri, kwangu na kwa Makambako: hakuna salamu kwenye simu ya ndege! Neno moja tu, basi. Ikitokea tena ndege ikazungushwa kwa ajili ya ng'ombe, mimi sina kazi. Nikatoka pale jasho linanitoka na baridi ile ya Njombe. Bila kazi, posa ningeipeleka na nini?

Mzee Filipo alitii amri ile siku moja tu. Simu ikalia, nikainua, nikasikia: “Ndege imepita!”

Kwetu mtu hakurukii na habari bila salamu isipokuwa kuna msiba. Nikakaa chini.

“Baba, amekufa nani?”

“Hajafa mtu. Ndege imepita.”

“Baba, nimejikaza, niambie tu. Ni Eliza?”

“Eliza? Eliza unamjuaje wewe?”

Mama yangu! “Nimesema Elia, Baba. Mjomba Elia.”

“Hajafa Elia wala nani! Nimeambiwa nisiamkie watu, kama mnyama!”

“Hapana, Baba, unanificha...”

Tukabishana kama kuna marehemu au hakuna, mpaka ndege ikafika ikatukuta tunabishana. Bahati ng'ombe siku hiyo walikuwa wamekimbia mvua. Jioni Mzee Filipo akanipigia makusudi, akasema: “Amri ile siiwezi. Leo nimekushtua wewe, kesho nitamshtua mtu mwenye moyo mbovu, afe kweli.” Akarudi kwenye salamu zake zote.

Wakati huo nilikuwa nimeshamwomba baba yangu mdogo awe mshenga wangu, na alikuwa anajiandaa kwenda Makambako. Na katika wiki hiyohiyo, siku ya ndege, simu inalia, navua kofia, tunaanza. Tumefika kwenye magoti ya bibi. Sikio moja linamsikia Mzee Filipo, sikio la pili linasikia mngurumo ukitoka kaskazini, karibu kabisa! Nikachungulia. Kiwanja kimejaa ng'ombe.

“Baba, nisamehe! Kuna ndege!” nikasema, nikaiachia simu ikaning'inia kwenye waya, nikakimbia.

Wee! Sijawahi kukimbia vile. Nilipiga mayowe, nikarusha fimbo, nikarusha hadi kofia. Karani lilitoka ndege ikiwa tayari imeshusha pua. Rubani alitua salama hata hakujua. Mimi nikarudi kibandani natweta, nikashika simu. Kimya.

Baba mdogo alipokwenda Makambako na posa, alirudi nayo. Akakaa, akavua viatu vyenye tope, akanipa majibu kama alivyopewa: “Amesema, mtu aliyemwacha anaongea na waya wakati anaulizia afya ya bibi yake, atampaje binti? Na amesema anakuja Njombe mwenyewe kukushtaki boma kwa utovu wa adabu.”

Usiku huo sikula. Nilikuwa nimemkosa Eliza kwa kuiokoa ndege, na kama ningeiacha ndege ningemkosa vilevile. Nilikasirika! Nilimkasirikia Mzee Filipo, rubani, upepo, Karani, aliyegundua simu. Siku mbili nilifyeka majani kwa hasira mpaka kiwanja kikawa kama kimenyolewa.

Mzee Filipo akaja kweli. Alipanda lori Makambako alfajiri, likakwama, wakalisukuma, likakwama tena, wakalala ndani ya lori na magunia ya mahindi. Kesho yake asubuhi ndipo namwona anakuja kiwanjani, koti kubwa limeloa, tope mpaka magotini. Hakwenda boma kwanza. Alitaka kumwona usoni huyo mtu wa waya. Na ilikuwa siku ya ndege.

Nikamwamkia. Nilimwamkia yote, sikuacha hata ndama. Nikampa uji wa moto, akanywa bila kuniangalia. Ndipo simu ikalia.

“Nipe,” akasema. “Huyo ni msaidizi wangu. Simama hapo mlangoni ujifunze namna watu wanavyoongea.”

“Baba, labda ni...”

Akainua kiganja. Nikasimama. Ningefanyaje? Kumkimbia mara ya pili, tena mbele ya macho yake? Akaanza: “Kamwene!” Na yule msaidizi alikuwa amefundishwa akafundishika. Akajibu yote, akaulizia safari, tope, lori, alikolala, alichokula. Mzee Filipo alinikodolea macho kwa kila jibu, kana kwamba anasema, unasikia? Mimi nabana mikono nyuma, natazama nje, ng'ombe wanazidi kuingia.

Wamefika kwenye mahindi, nikausikia mngurumo. Na yeye akausikia! Msisahau, kazi yake ilikuwa kuusikia mngurumo ule kabla ya mtu mwingine yeyote. Akanyamaza katikati ya neno.

“Mwanangu,” akasema kwenye simu, “hiyo ndege imepita hapo lini?”

Nikasikia sauti ndogo kwenye waya: “Sasa hivi, Baba. Ndiyo nilikuwa nakuja kwenye hiyo habari.”

Mzee Filipo akatazama tope la suruali yake. Akatazama mlangoni. “Mimi nimelala njiani!” akasema, kama mtu aliyeibiwa. Kisha akapiga kelele: “Wewe! Umesimama nini? Ng'ombe!”

Akaiachia simu. Jamani, aliiachia! Ikaning'inia kwenye waya ikipiga ukutani, naye akatoka mbio, koti linapepea nyuma, mtu mzima na benchi lake la mbele kanisani. Mimi nikaenda kwenye makaa na majani ya miwati, yeye akaenda kwa ng'ombe. Waliotembea wakatembea. Karani likabaki limelala. Mzee Filipo akalisogelea, akatoa ile sauti ya kambini, ile ya kuamsha wanaume mia kwenye baridi: “INUKA!” Nakwambia lile dume liliinuka kabla hajamaliza, likakimbia na mkia juu. Moshi wangu ukapanda mweupe, ukalala kusini, ndege ikapinda, ikazunguka, ikashuka. Oh, ilishuka vizuri siku ile!

Tulirudi kibandani wote wawili tunatweta. Simu bado inaning'inia, na ndani yake ile sauti ndogo: “Haloo? Baba? Haloo?” Mzee Filipo akaitazama. Akanitazama mimi. Akaishika polepole, akavua kofia.

“Nisamehe, mwanangu,” akasema. “Kulikuwa na ndege.”

Alipoiweka chini mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, anacheka mpaka anajifuta macho kwa koti. Lakini habari ya Eliza hakuitaja, na mimi nilikuwa na akili ya kutosha kunyamaza. Boma hakwenda. Kesho yake akapanda lori, akarudi.

Siku ya ndege iliyofuata, simu ikalia alfajiri, ndege bado imelala Iringa. “Kamwene!” Tukaamkiana salamu zote, kwa raha zetu, bibi, ndama, maharage, mchungaji. Tulipomaliza akasema: “Hizo ndizo za leo, nimekupa zote. Nikipiga tena leo usiniamkie, na mimi sikuamkii, na ujue hajafa mtu.”

Saa zikapita. Simu ikalia. Nikainua.

“Ndege! Na mshenga wako aje Jumapili.” Tap, akakata.

Sikupata hata nafasi ya kusema asante! Nilitoka kama nilivyo, sijui fimbo iko wapi, nikawafukuza ng'ombe wote peke yangu nikicheka na kupiga vigelegele kama mwanamke. Rubani aliposhuka akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia, “Nimepata mke, Bwana!” Akanipa mkono, mimi na moshi wangu na mavi ya ng'ombe.

Tangu hapo ndivyo tulivyofanya miaka yote: salamu zinalipwa alfajiri, na simu ya pili ni neno moja. Kama kuna kitu nataka mchukue kwenye kazi yangu ni hicho. Mnakimbizana siku hizi, mtu anaingia ofisini na neno lake mdomoni, hajamwuliza mwenzake kalala vipi. Mwamkieni mtu mapema, wakati hamna haraka naye. Ndipo siku mkimwita kwa neno moja atatoka mbio bila kuuliza.

Mwingereza alikuwa bado anatawala siku ile ya mwisho ninayotaka kuwaambia. Tulishaoana, tulishapata mtoto wa kwanza. Eliza alikuwa ameniletea chakula kiwanjani. Alfajiri ile Mzee Filipo alikuwa amenipa salamu zote kama kawaida, sauti nzima. Simu ya pili ikalia, mimi mguu mmoja tayari uko nje.

“Kamwene, kaka,” ikasema sauti ya yule msaidizi wake, polepole. “Mmeamkaje huko?”

Nikaurudisha mguu ndani.

“Tumeamka salama,” nikasema. “Huko?”

“Mama yako hajambo? Na bibi?”

Nikavua kofia, nikainama, nikazijibu zote moja moja mpaka mwisho, nisiache hata moja, maana simu ya pili yenye salamu, tena kwa sauti isiyo ya Baba, nilishajua kinachokuja baada yake. Nje ndege ilikuwa inanguruma. Kwa mlango nilimwona Eliza ameshika fimbo yangu, anawakimbiza ng'ombe akicheka, anaijua kazi ile kunishinda.

Akaja kibandani anahema. “Umekwama na nini? Nani amepiga?”

“Kamwene, mama,” nikamwambia. “Umeamkaje?”

“Ala! Si tumeamkiana asubuhi?”

“Umeamkaje, Eliza?” nikarudia. “Mtoto ameamkaje?”

Akanitazama. Kisha akaiweka fimbo chini, akakaa, akaanza kunijibu.